Ushirika wa nyumba za wazee si nasingi homu

Swali la kwanza halibadiliki. Kila mradi wa ushirika wa nyumba za wazee unapotangazwa katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nami nikaitwa kuueleza kwa majirani, lazima mkono uinuke kutoka kwa mmoja wetu, mara nyingi Mkenya mwenzangu, aulize: hiyo nasingi homu, yaani nyumba ya kutunzia wazee wasiojiweza, itakuwa na vitanda vingapi? Safari hii mradi ni wa kiwanja kilichokuwa cha kanisa, na mama mmoja ninayemheshimu sana alinivuta kando mkutano ulipokwisha. "Mwanangu, mtaanza kuajiri lini? Zamu za usiku zitakuwepo?" Nikamwambia, "Mama, pale hakuna kazi ya zamu." Alidhani namnyima.

Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika.

Najua linakotoka. Wengi wetu tulipofika Minnesota tulianzia kwenye kazi ya kuwageuza wagonjwa saa tisa za usiku, kusukuma viti vya magurudumu na kujaza fomu za zamu. Tukiona neno "wazee" kwenye bango la ujenzi, akilini tunaona vitanda, toroli la dawa na mkaguzi wa jimbo. Ila kosa hili lina gharama. Watu wanakwenda mbele ya baraza la jiji kupinga au kuunga mkono vitu ambavyo havimo kwenye mradi, na vitu vilivyomo, ambavyo vitawagusa kwa miaka 40 ijayo, vinapita bila mtu kuuliza.

Basi, ushirika wa nyumba za wazee ni jengo linalomilikiwa na wanaoishi ndani yake. Ni watu wa miaka 55 au 62 na kuendelea, kulingana na katiba yao. Kila familia ina mlango wake, jiko lake, mashine yake ya kufulia, na nafasi ya gari kwenye gereji ya chini ya jengo. Wanajipikia. Wanaendesha magari. Januari ikifika wengine wanafunga mlango na kukimbilia Arizona hadi theluji iyeyuke. Hakuna muuguzi, hakuna ratiba ya dawa, hakuna kengele ya kumwita mhudumu. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Minnesota inataka leseni maalumu kwa kila nyumba inayowapa wakazi huduma ya usaidizi, na nasingi homu zina leseni yake nyingine ya tangu zamani. Ushirika hauna hata moja kati ya hizo kwa sababu hautoi huduma hizo. Mwanachama akivunjika nyonga na kuhitaji mtu wa kumwogesha, anajitafutia kampuni ya huduma za nyumbani, kama ambavyo wewe ungefanya kwako. Akishindwa kabisa, anauza hisa yake na kuhamia panapotolewa matunzo.

Kwa hiyo yule mama aliyenivuta kando huenda siku moja akafanya kazi ndani ya jengo hilo. Atakuwa ameajiriwa na kampuni yake au na mzee mwenyewe, si na jengo.

Jambo hili halikubuniwa jana. Misingi ya mtu mmoja kura moja, na ziada kurudi kwa wanachama, inajulikana tangu wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao Desemba 1844. Minnesota ilijaa vyama vya wakulima wa maziwa. Land O'Lakes ilianza hapa mwaka 1921 kama muungano wa viwanda vidogo vya siagi vya ushirika. Ushirika wa kwanza wa nyumba za wazee Marekani, 7500 York, ulifunguliwa Edina, kusini kidogo mwa Minneapolis, mwaka 1978, ukiwa na nyumba zaidi ya 300 chini ya paa moja. Mpaka leo Minnesota ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa idadi ya vyama vya namna hii, na majirani zake Iowa na Wisconsin wanafuata nyuma. Wazee waliokulia mashambani hapa hawahitaji kufundishwa ushirika. Baba zao walipeleka maziwa kwenye chama kila asubuhi. Wanaohitaji kufundishwa ni sisi, tena si kwa kutojua. Kenya tunaujua ushirika vizuri mno, hasa ule wa kahawa ambao mkulima alisubiri malipo hadi akang'oa mibuni. Hofu hiyo naiheshimu, na nitairudia.

Kosa la pili ni kusema: "Ni nyumba za serikali." Linatokana na herufi HUD, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, zinazoonekana kwenye karatasi za mradi. Mtu akiziona tu, anasema Section 8. Section 8 ni ruzuku ya kodi ya nyumba kwa wenye kipato kidogo, na iliingia sheriani mwaka 1974. Vyama vingi vya wazee vinatumia Section 213, ambayo ni ya tangu 1950 na kazi yake ni tofauti kabisa: serikali inamwekea bima mkopeshaji. Chama kikishindwa kulipa, mkopeshaji analindwa. Mwanachama hapewi senti ya ruzuku, na bima yenyewe inalipiwa. Faida yake ni kwamba mkopeshaji akiwa na usalama huo anakubali kukopesha kwa miaka 40 kwa riba isiyobadilika, na hapo ndipo ada ya mwezi inapoweza kuhimilika kwa mtu anayeishi kwa pensheni. Nawaomba, msiwaambie watoto wenu kwamba jirani yenu mpya anaishi kwa kodi zenu. Ana haki ya kutosingiziwa.

Na kodi? Chama kinalipa kodi ya ardhi na majengo. Kinalipa kama jengo jingine lolote la makazi, na wanachama wanaweza kuandikishwa kama wakazi wa nyumba yao wenyewe, sawa na wewe. Ushirika hausamehewi kodi kama kanisa, lakini watu wanadhani kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha kanisa na hakikulipa, kitaendelea hivyo. Hapana. Kiwanja kilichokuwa hakiingizi kitu kitaanza kuingiza.

Sasa hisa

Hapa ndipo ninapokosa subira, na hapa ndipo nitakapokaa.

Mwanachama hanunui nyumba namba 214. Ananunua hisa ya chama, na pamoja na hisa hiyo anatia saini mkataba wa ukaazi unaompa haki ya kuishi namba 214 maadamu anatimiza masharti. Hati ya ardhi na jengo ni moja, na imeandikwa jina la chama. Nikisema hivyo, kabla sijamaliza sentensi, kuna mzee atatikisa kichwa: "Bila hati mkononi, hiyo si mali." Baada yake anakuja anayeona utapeli wa wazi zaidi: "Na ukiuza, hawakuachii bei ya soko?"

Ni kweli, hawakuachii. Vyama vingi vya wazee hapa vinaweka kikomo cha bei ya hisa. Kinapanda kwa asilimia ndogo kila mwaka, 1 au 2, kwingine hadi 3, basi. Sasa tuweke hesabu ya mezani, si ya mradi wowote. Tuseme gharama ya kujenga nyumba yako ni dola 300,000. Hisa yako ni asilimia 40, yaani dola 120,000, unazitoa taslimu. Dola 180,000 zilizobaki ziko ndani ya mkopo mkuu ambao chama, si wewe, kimekopa. Kwa riba ya asilimia 5.5 kwa miaka 40, fungu lako katika mkopo huo ni kama dola 928 kwa mwezi. Juu yake yanakuja kodi ya jengo, bima, maji, taka, kuzoa theluji, msimamizi, na akiba ya matengenezo makubwa. Vyote hivyo vinakusanywa katika ada moja ya mwezi. Kikomo kikiwa asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miaka 10 hisa yako ya 120,000 haiwezi kuuzwa zaidi ya kama 146,000.

"Nyumba yangu ingepanda maradufu!" Huenda ingepanda. Lakini ukisema hivyo umeulizia kitu ambacho chama hiki hakikuanzishwa kukifanya. Mzee wa miaka 72 aliyeuza nyumba yenye ngazi, paa linalovuja na ua wa kufyeka anachukua sehemu ya fedha zake, ananunua hisa, na zilizobaki zinabaki benki au kwa wanawe. Hatafuti faida mara ya pili. Anataka kujua mwezi ujao atalipa ngapi na nani atazoa theluji. Kikomo kinafanya kazi upande wa pili wa mlango pia: mzee atakayeingia mwaka 2040 hatakuta hisa iliyopaishwa na walanguzi. Na kwa kuwa bei iko chini ya soko, hisa kwa kawaida huuzwa haraka, kwa watu walioko kwenye orodha ya kungojea, bila dalali wa kugonga milango.

Aliyewahi kuwa katika sacco Kenya analijua hili tayari, ila hajaliunganisha. Akiba yako unaweza kuidai ukijitoa. Hisa za mtaji sacco haikurudishii. Unamhamishia mwanachama mwingine, na hukuwahi kuita jambo hilo wizi, kwa sababu ulijua hisa ile ndiyo inayokifanya chama kisimame. Hapa pia ni hivyo hivyo, isipokuwa hisa ni kubwa na inakuja na jiko.

Kinachoniudhi zaidi ni kosa la upande wa pili, la wanaoupenda mradi kupita kiasi. Wanasoma "asilimia 2 kwa mwaka" na kuihesabu kama riba ya benki iliyoahidiwa. Kikomo si ahadi. Ni dari, na chini ya dari kuna nafasi kubwa ya kushuka. Hisa ina bei hiyo ikiwa yupo wa kuinunua. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 wazee wengi Minnesota walishindwa kuuza nyumba zao, na asiyeuza nyumba hana fedha za kununua hisa. Miradi ikasimama katikati, wanachama waliotaka kuondoka wakangoja, na huku wakingoja ada ya mwezi iliendelea kudaiwa. Karatasi za matangazo hazina ukurasa wa jambo hilo. Mimi nalisema kila mara, na nikilisema waanzilishi wa mradi hunikunjia uso.

Kuhusu urithi, kwa kifupi, maana huulizwa kwa sauti ya chini. Mwanachama akifa, hisa ni mali ya warithi wake. Wanaiuza kwa bei isiyozidi kikomo. Hawawezi kuhamia ikiwa umri wao haujafika, na mpaka iuzwe wanalipa ada. Muulize wakili kabla, si baada.

Mashaka yangu mwenyewe

Naamini mpango huu ni mzuri. Nisingeufanyia kazi miaka yote hii nisingeamini. Lakini kuna mambo sijayatatua, na ni haki jirani ayajue.

La kwanza ni mkopo mkuu. Hesabu ile ya juu: kila mwezi sehemu ndogo ya dola 928 inapunguza deni. Baada ya miaka 15 deni limepungua, na ukiondoka, kwa kawaida upungufu huo hauendi nawe. Unabaki ndani ya chama na kuwafaidi waliobaki. Kwa lugha ya ushirika hilo ni sawa, wa mbele anamwachia wa nyuma. Kwa mjane anayehama kwenda kulipia matunzo kwa maelfu ya dola kila mwezi, sina neno tamu la kumwambia.

La pili linawahusu Waislamu miongoni mwetu, na limenikosesha usingizi. Mzee wa Lamu au wa Mombasa anayeepuka riba anaweza kulipa hisa yake yote taslimu na bado akajikuta ndani ya deni la riba, kwa sababu mkopo mkuu ni wa chama na yeye ni mwenye chama. Kuna miradi inayomruhusu mwanachama kununua hisa kubwa zaidi ili fungu lake la mkopo lipungue. Kupungua si kwisha. Kuna mashekhe wanaosema hivi na wanaosema vile, na si kazi yangu kutoa fatwa. Kazi yangu ni kuwaambia waendelezaji kwamba wanajenga katikati ya mitaa yenye misikiti na hawajaliuliza swali hili.

La tatu, mlango ni mwembamba. Hisa hulipwa taslimu, na benki zinazokopesha watu wa kununulia hisa za namna hii ni chache. Kwa hiyo anayeingia ni aliyekuwa na nyumba ya kuuza. Wale walioishi nyumba za kupanga maisha yao yote, au walionunua nyumba mwaka 2005 na kuipoteza, hawaingii. Nikisikia mradi unaitwa "makazi kwa wazee wa jamii yetu," najiuliza ni wazee gani hao.

Na la nne ni kuzeeka kwa pamoja. Jengo likifunguliwa, wanachama wengi wako katika miaka ya sabini. Bodi inachaguliwa, kamati zina watu, bustani inapaliliwa. Miaka 15 baadaye wale wale wako karibu na 90, na kumpata mweka hazina ni taabu. Vyama vilivyo makini huwaingiza wanachama wadogo mapema na kumwajiri msimamizi mzuri. Vingine hungoja. Ndipo hofu ile ya ushirika wa kahawa inapopata mahali pa kusimama: bodi iliyochoka haisomi hesabu. Hapa kuna ukaguzi wa mahesabu kila mwaka, na vyama vyenye bima ya HUD vinatazamwa kwa karibu, lakini mkaguzi anakuonyesha tu kilichoharibika mwaka jana. Ukinunua hisa, nenda mkutano mkuu. Dai kuona akiba ya matengenezo: lifti zitabadilishwa mwaka gani, paa mwaka gani, na fedha ziko wapi.

Umri huo huo unaleta ving'ora. Watu wakisema ambulansi zitapita, siwaambii hazitapita. Miaka ya mwanzo zitakuwa chache. Baadaye wazimamoto wataitwa kumwinua mtu aliyeanguka bafuni na hawezi kuamka, na wataitwa mara nyingi kuliko kwenye mtaa wenye familia changa. Mwendelezaji anayesema "hakuna tofauti" anawadanganya.

Watoto, wageni, na nani anaweza kukataliwa

Sheria ya makazi ya haki ya 1968 iliongezwa kifungu mwaka 1988 kinachokataza kuwabagua wenye watoto. Makazi ya wazee yalipewa msamaha, ukarekebishwa mwaka 1995: angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Kwa hiyo katika jengo la 55, mke wa miaka 50 si tatizo kisheria. Tatizo letu sisi ni shosho anayekuja kutoka Kenya kwa miezi sita kumlea mjukuu, au kinyume chake, mjukuu anayeletwa kwa shosho. Katiba nyingi za vyama zinaweka kikomo cha siku za mgeni kulala. Soma kifungu hicho kabla hujatoa senti, maana familia zetu ndizo zitakazokivunja kwanza.

Msamaha ni wa umri peke yake. Rangi, dini, nchi uliyozaliwa, ulemavu: hakuna bodi yenye ruhusa ya kuvitazama. Bodi humkubali mwanachama mpya kwa kuangalia uwezo wake wa kulipa, na ikikukataa, iombe sababu kwa maandishi. Ukiona sababu haisimami, Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota inapokea malalamiko, na HUD vilevile.

Maswali ambayo ningependa myaulize

Baraza la jiji halina mamlaka ya kuamua kama majengo yamilikiwe kwa hisa, kwa hati au kwa kupangisha. Linaamua matumizi ya ardhi. Likikataa mradi kwa sababu majirani hawawapendi wakazi wajao, uamuzi huo utaanguka mahakamani. Likiubana mradi kwa sababu maji yatafurika kwenye basimenti yako, uamuzi utasimama. Basi zungumzeni habari ya ardhi, maana hapo mna nguvu.

Magari kwanza, haraka. Miongozo ya wahandisi wa usafiri wa Marekani inahesabu zaidi ya safari 9 kwa siku kwa nyumba ya familia, na kati ya 3 na 4 kwa nyumba ya wazee katika jengo la ghorofa. Hata hivyo mtu wa miaka 55 bado anakwenda kazini saa moja asubuhi. Jengo la 62 na jengo la 55 si sawa barabarani. Ulizeni ni lipi.

Sasa maji. Gereji ya chini ya ardhi maana yake ni shimo refu, na Minnesota maji hayako mbali chini. Wakati wa kuchimba, pampu zitatoa maji mchana na usiku. Yakizidi galoni 10,000 kwa siku au milioni 1 kwa mwaka, inahitajika idhini ya Idara ya Maliasili. Ulizeni kama imeombwa, maji yataelekezwa wapi, na nani atapiga picha kuta za basimenti zenu kabla kazi haijaanza ili ufa wa zamani ujulikane na mpya ujulikane. Ujenzi ukivuruga ekari moja au zaidi, lazima pawe na mpango wa maji ya mvua, na kwa kawaida mtaona bwawa dogo kwenye ramani. Ulizeni litasafishwa na nani baada ya miaka 10. Jibu sahihi ni chama, na liandikwe.

Kisha theluji. Nimetazama ramani nyingi za miradi, zimechorwa miti ya kijani na watu wamevaa fulana. Tafuteni mahali theluji itakaporundikwa. Mara nyingi ni kona ya maegesho ya wageni, na kona hiyo ndiyo inayopakana na uzio wa mtu. Rundo lile lina chumvi ya barabarani, na likiyeyuka mwezi wa tatu linashuka kwenye nyasi na kijito. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, kama lita 19, na hakuna njia rahisi ya kuitoa tena. Jengo la wazee linamwaga chumvi nyingi kuliko majengo mengine, na lina sababu ya haki: mtu wa miaka 80 akiteleza, kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwanzo wa mwisho wake. Hili halitatuliwi kwa kupiga makofi wala kwa kuzomea. Linatatuliwa kwa mwinuko wa lami, kwa njia za miguu zilizofunikwa, na kwa kuhamisha rundo mbali na uzio, na yote hayo yanawezekana wakati ramani bado ni karatasi.

Taa za maegesho zielekee chini. Lori la taka lisirudi nyuma likilia saa kumi na mbili asubuhi chini ya dirisha la mtu aliyetoka zamu ya usiku. Hilo la mwisho majirani wengine hawatalisema, kwa sababu wao hulala usiku. Ni sisi.

Kiwanja kinachobadilishiwa matumizi kikiwa na ekari 5 au pungufu, sheria ya jimbo inataka kila mwenye mali aliye ndani ya futi 350, kama mita 107, aandikiwe barua angalau siku 10 kabla ya kikao. Anayepanga nyumba hapati barua. Mwenye nyumba wake ndiye huipata na huenda asimwambie. Lakini mpangaji ana haki ya kuzungumza kikaoni kama mtu mwingine yeyote. Jiji lina siku 60 za kuamua tangu maombi kamili yapokewe, linaweza kujiongezea 60 nyingine kwa kuandika sababu, na likinyamaza hadi muda upite, maombi yamekubaliwa. Kwa hiyo msingoje mkutano wa pili. Andikeni barua kwa karani wa jiji kabla ya kikao, mtaje anwani yenu na namba ya ukurasa wa ramani mnaouzungumzia, na muombe badiliko moja au mawili yanayoweza kuandikwa kama sharti la kibali.